Dawa hakuna, mhudumu hayupo, bima imekataliwa: tafuta hitilafu kabla ya kudai sheria mpya

Ukiyachambua malalamiko kuhusu zahanati na vituo vya afya vya serikali Tanzania Bara, hayazidi sita. Dawa hakuna. Mzee mwenye msamaha wa ada katozwa. Mhudumu hayupo. Bima imekataliwa. Jengo limekamilika, halina kazi. Rufaa imechelewa. Yanarudi kila mkutano wa kijiji, kila baraza la madiwani, kila bajeti ya Wizara ya Afya inaposomwa. Na kila yakirudi, tiba tunayoipendekeza ni nzito: sheria mpya, mfuko mpya, mamlaka mpya.

Nilikaa kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati moja ya kijijini kwa miaka kadhaa. Niliingia na mawazo makubwa ya mageuzi, nikatoka na mapenzi ya ajabu na daftari la stoo. Hitilafu huonekana dirishani kwa mgonjwa, lakini ukiifuata nyuma unaikuta imelala mahali pasipo na kelele: kwenye fomu ya maombi, kwenye akaunti ya benki, kwenye kibali kilichokwama mezani kwa mtu. Ndiyo maana nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili natanguliza chanzo ninachokikuta mara nyingi, nafuata na cha nadra, na nasema wapi uache kuchokonoa umwite mwenye fani yake.

Kabla ya chochote, pata vitu vinne: leja pamoja na kadi za stoo, jumla za mwezi kutoka vitabu vya MTUHA (rejesta za taarifa za huduma za kituo), taarifa ya benki ya kituo, na mpango wa mwaka uliopitishwa na kamati. Nimesema jumla, sio vitabu vyenyewe. Kitabu namba 5 kina majina ya wagonjwa wa nje na magonjwa yao, namba 12 kina habari za waliojifungua. Mjumbe wa kamati hana ruhusa ya kuyasoma hayo hata awe mwenyekiti. Mwombe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akutolee idadi tu.

DALILI YA 1: "Dawa hakuna, kanunue nje"

Uliza kwanza: dawa ipi, na tangu lini? "Dawa hakuna" ni malalamiko, huwezi kuyafanyia kazi. Andika kumi unazozijali: dawa mseto ya malaria, amoksilini ya watoto, ORS na zinki, oksitosini ya kuzuia damu kwa aliyejifungua, dawa ya presha, na kadhalika. Zikiwa zote zimekauka, shuku fedha au usafiri. Ikiwa ni mbili zilezile kila robo mwaka, shuku maombi.

Maombi yaliyokosewa ndiyo chanzo ninachokikuta kuliko vyote, na hakuna anayetaka kukisikia kwa sababu hakina mwizi wa kumkamata. Tuchukulie zahanati inamaliza vidonge 1,000 vya dawa fulani kwa mwezi. Ilipokea 1,000 kwa robo nzima. Vikaisha mwezi wa kwanza, miezi miwili iliyofuata rafu ikawa tupu. Mwisho wa robo mhudumu anaandika matumizi: 1,000. Anagawa kwa miezi mitatu, anapata 333, anaagiza kwa wastani huo. Anapokea tena 1,000 za miezi mitatu, zinaisha tena mwezi wa kwanza. Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa. Kijijini watu wanasema dawa zinaibwa.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la nne: gawanya matumizi kwa miezi ambayo dawa ilikuwepo, usigawe kwa miezi yote. Kwa mfano wetu, 1,000 gawanya kwa 1. Kisha hakikisha kadi ya stoo inaandikwa siku dawa inapotoka, isingoje mwisho wa mwezi ijazwe kwa kumbukumbu. Na tarehe ya maombi kufika halmashauri iandikwe ukutani. Maombi yaliyochelewa wiki moja yanaweza kusubiri mzunguko mzima.

Chanzo cha pili: Bohari ya Dawa, MSD, haina kilichoombwa. Unaomba aina kumi zinakuja sita. Hili si jipya na lina njia yake. Mwaka 2014 Dodoma ilianza mfumo wa mshitiri kwa msaada wa Uswisi: mkoa unaingia mkataba na muuzaji mmoja binafsi, bei zikiwa zimekubaliwa mapema, naye anajaza pengo ambalo MSD imeliacha. Ukaenda Morogoro na Shinyanga, na kufikia 2018 ukawa wa nchi nzima. Kwa hiyo ukiambiwa "MSD hawana", usiishie kutikisa kichwa. Uliza taarifa ya kukosekana kwa dawa ilipokelewa tarehe gani, na oda ya mshitiri ilitumwa tarehe gani. Nimeona pengo la wiki saba kati ya tarehe hizo mbili. Katika wiki hizo saba hapakuwa na tatizo la kitaifa. Palikuwa na mtu aliyedhani mwenzake ameshaandika barua.

Cha tatu ni fedha, na hapa angalia pande zote mbili. Upande mmoja fedha hazikuja. Upande wa pili fedha zimekuja, zimekaa. Mpaka 2017 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zilipita halmashauri, na zahanati iliomba hata sabuni ya kunawia kwa barua. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kila kituo. Katika mageuzi yote niliyoyashuhudia, haya ndiyo ninayoyavulia kofia: hayakujenga jengo wala kuzaa mamlaka, yalifupisha njia ya shilingi. Lakini yalimkabidhi tabibu kazi ya uhasibu. Kuna mwaka akaunti ya zahanati yetu ilikaa na pesa miezi minne huku wajawazito wakiambiwa waje na glovu zao, kwa sababu aliyejua kuingiza malipo kwenye mfumo alikuwa mhasibu mmoja anayehudumia vituo vingi, na zamu yetu haikuwa imefika. Kamati nasi tulikuwa tumeketi mara moja tu. Salio la benki ndilo kipimo rahisi kuliko vyote. Liombe kila kikao.

Cha nne, dawa kuisha muda wake stooni kwa sababu mpya ilipangwa mbele ya ya zamani. Dakika kumi za kupanga upya zinatosha.

Wizi nimeuweka mwisho makusudi. Upo. Dawa nyingi za serikali zina alama ya GOT, yaani Serikali ya Tanzania kwa kifupi cha Kiingereza, ili zikionekana duka la mtaani zijulikane. Kipimo chepesi ni kulinganisha idadi ya waliokutwa na malaria kwa kipimo cha haraka na dozi za dawa mseto zilizotoka. Dozi 300 kwa wagonjwa 120 zinahitaji maelezo, na maelezo yanaweza kuwepo: labda vipimo viliisha wiki mbili, watu wakatibiwa kwa dalili.

SIMAMA HAPA: hesabu ya rafuni ikitofautiana na leja kwa dawa za usingizi au za maumivu makali, au tofauti ikijirudia robo mbili, usifanye upelelezi wako. Usimtaje mtu kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Andika ulichohesabu, tarehe na waliokuwepo, umpelekee mfamasia wa halmashauri na mkaguzi wa ndani. Ikiwa wao ndio unaowashuku, milango ya TAKUKURU iko wazi.

DALILI YA 2: Mwenye msamaha ametozwa

Huduma ilikuwa bure baada ya Uhuru. Uchangiaji ukaanza 1993, na pamoja nao ukaja msamaha: mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mwenye kifua kikuu au ukoma, anayeishi na VVU, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Kila kituo kina bango lake. Chini ya bango hilo, bibi anatoa shilingi 10,000.

Anza na jambo dogo: ametozwa nini hasa? Mara nyingi kumwona daktari ni bure, kipimo ni bure, halafu dawa haipo na ameelekezwa duka la nje. Kwa bibi ni kulekule kutozwa, na ana haki ya kuona hivyo, lakini kwa fundi hii ni Dalili ya 1 imevaa kanga nyingine. Rudi juu.

Ikiwa kweli katozwa dirishani, uliza kama ana kitambulisho cha mzee au barua ya mtendaji. Neno "asiye na uwezo" limeachwa liamuliwe na mtu wa mapokezi saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imefika nje, na hilo ni kosa la ubunifu wa mfumo. Orodha zipo tayari. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina kaya za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini zilizopitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Kutumia orodha moja kwa ruzuku na kwa msamaha kungemwondolea bibi kazi ya kuthibitisha umaskini wake mara mbili kwa maofisa wawili.

Chanzo cha ndani kabisa ni hiki: msamaha hauna anayeulipia. Kituo kikimtibu mtoto wa miaka mitatu, kinatumia sindano, dawa na glovu, na hakuna shilingi inayorudi kwa sababu ya mtoto huyo. Kikitibu kijana wa miaka 25 anayelipa papo kwa papo, kuna kinachorudi. Mganga mfawidhi asiye na roho mbaya hata kidogo atajikuta anabana walewale sera iliyotaka kuwalinda.

Kuna wazo linalopigiwa makofi kila mkutano: futa ada zote. Uganda ilifuta Machi 2001 kwenye vituo vya serikali. Watu walimiminika, maskini wakiwa wengi, na hilo lilikuwa jema. Dawa nazo zikawa zinaisha upesi. Kenya ilipofuta ada za zahanati na vituo vya afya mwaka 2013 iliahidi kuvifidia vituo kwa mapato yaliyopotea. Somo la nchi hizi mbili kwangu ni la utaratibu: fidia ifike kwenye akaunti ya kituo kwanza, tangazo lifuate. Ukigeuza, wiki sita tu rafu tupu na mwananchi anajifunza kwamba bure maana yake hakuna.

SIMAMA HAPA: usiagize kituo kiache kutoza kwa azimio la mkutano wa kijiji, hata kama mmekasirika kwa haki. Ada zimo kwenye bajeti. Peleka madai kwa mganga mkuu wa wilaya na afisa ustawi wa jamii, pamoja na stakabadhi. Bila stakabadhi hilo si suala la ada, ni rushwa, na linaenda kwingine.

DALILI YA 3: Mhudumu hayupo

Kwa wiki mbili andika siku na saa zahanati ilipofungwa, na sababu iliyotolewa. Usifanye zaidi ya hapo. Daftari hilo huvunja uvumi mwingi.

Utakachokiona kwanza ni uhaba wa kweli. Watu wawili wanatibu, wanazalisha, wanachanja, wanajaza vitabu, na mmoja akiwa likizo ya uzazi anabaki mmoja. Cha pili ni safari: semina, kupeleka ripoti mwanzoni mwa mwezi, benki, kuchukua chanjo. Hiki kinatibika bila kuajiri mtu. Halmashauri inaweza kuamua kwamba hakuna semina inayomtoa mhudumu pekee, na kwamba taarifa ambazo tayari zimeingia kwenye mfumo haziombwi tena kwa karatasi. Nashangaa jinsi pendekezo hili lisivyo na mvuto kwa wapenda mageuzi.

Cha tatu ni uhamisho. Muuguzi kijana anapangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mtumishi, anakaa mwaka, anaomba kumfuata mwenza wake mjini, anapata. Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ikihesabiwa, nafasi inaonekana iliwahi kujazwa. Nyumba moja yenye maji na sola huwa na nguvu kuliko barua tatu za onyo. Vituo vyenye mapato yao vinaweza kuajiri kwa mkataba, na mhudumu wa aina hiyo, akiwa mwenyeji, haondoki upesi.

Utoro ni wa mwisho. Upo pia.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kusafisha kwa kishindo. Uhakiki wa vyeti wa Aprili 2017 uliwataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wa afya wakiwemo. Hakuna anayetaka kutibiwa na mwenye cheti cha kughushi. Lakini penye mhudumu mmoja, ukimwondoa Ijumaa bila mbadala, Jumatatu mlango una kufuli. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, utapunguza mzigo kwa kufuatilia wajawazito na watoto nyumbani. Swali la kumuuliza diwani wako ni posho yao italipwa na fungu gani mwaka wa sita.

SIMAMA HAPA: mgonjwa akifariki penye shaka ya uzembe, msiitishe kikao cha kijiji kumhoji mhudumu. Kuna Baraza la Madaktari, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nimeona kikao kama hicho kikimkimbiza mkunga pekee wa kata, na uchunguzi wa maana haukufanyika kamwe.

DALILI YA 4: Kadi ya bima imekataliwa

Angalia vyepesi kwanza. Mwajiri amewasilisha mchango? Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kwa mtumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri; ukikatwa bila kuwasilishwa, kadi inazimika na wewe hujui. Mtegemezi amevuka umri? Umekwenda na barua ya rufaa? Huduma uliyotaka imo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko unazilipia? Sehemu kubwa ya ugomvi wa mapokezi huishia kwenye maswali haya manne, na yanajibika kwa simu kabla hujapanda daladala.

Yakishindikana, sababu inayofuata ni kati ya mfuko na hospitali. Machi 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya chenye bei mpya, hospitali kadhaa binafsi ziligoma kuwapokea wanachama kwa siku kadhaa. Mwanachama aliyesimama mapokezi hakuwa na kosa lolote na hakuwa na la kufanya zaidi ya kwenda hospitali ya serikali.

Chini zaidi kuna hesabu ambayo kila mwenye ndoto ya bima kwa wote anapaswa kuifanya kwa kalamu yake. CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianzia Igunga, Tabora, mwaka 1996: kaya inachangia, serikali inaongeza kiasi hichohicho, ndio ule mtindo wa tele kwa tele. CHF iliyoboreshwa ya 2018 ikaweka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kadi ikatambulika hadi hospitali ya mkoa. Gawanya: shilingi 5,000 kwa mtu, mwaka mzima. Tuchukulie kaya 100 zimejiunga, mfuko una milioni 3. Ikiwa kila mtu katika wale 600 ataugua mara mbili tu, na kila safari ikagharimu 5,000, deni ni milioni 6. Tele kwa tele ikifika kwa wakati mmetoka sare. Isipofika, kituo kinatibu kwa mkopo, na mwenye kadi anaanza kuambiwa arudi kesho.

Na katika hiari, hawajiungi watu mia wa kawaida. Anajiunga mwenye sukari, mwenye mimba, mwenye mtoto wa selimundu. Mzima anasubiri. Sio ujanja wala dhambi, ndivyo mtu mwenye pesa ya shida anavyoamua. Vifurushi vya NHIF vya Novemba 2019 viliuzwa kwa hiari. Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilipendwa sana na wazazi, na waliopenda zaidi walikuwa wale ambao mtoto tayari anaumwa. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kwa makundi, kupitia shule. Wazazi walilia, na nilikuwa upande wao kwa moyo. Kwa kalamu nilikuwa upande wa mfuko.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inajibu tatizo hilo kwa kumtaka kila mkazi ajiunge. Kwa mwenye mshahara ni rahisi, unakata. Kwa muuza mbogamboga, mvuvi, mkulima anayeshika pesa mara moja kwa mwaka, utakata wapi? Kwa hiyo mapendekezo mawili yanastahili kelele zetu. Kwanza, mchango wa mkulima ukusanywe msimu wa mavuno, kupitia ushirika inapouzwa korosho au pamba, usidaiwe Januari ya ada za shule. Pili, fungu la kuwalipia wasio na uwezo litajwe kwa shilingi kwenye bajeti, litoke kwenye kodi inayoeleweka, na lisomwe kila mwaka. Vinginevyo tumeurudisha ule msamaha usio na mlipaji kwa jina jipya.

Jirani zetu Kenya wametuonyesha pia hatari ya kuhama nyumba usiku. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF yao ilizikwa na mfuko mpya ukaanza, asilimia 2.75 ya kipato. Katika majuma ya mwanzo mfumo wa kompyuta ulisuasua na wagonjwa wa kusafishwa damu na wa saratani wakatakiwa kulipa papo kwa papo. Hao ndio walipaswa kuhamishwa mwisho, baada ya mafua kupita salama.

SIMAMA HAPA: usipange mchango wala kitita kwa makadirio ya kikao, hata kikao cha wasomi. Kuna wataalamu wa tathmini ya uhai wa mfuko, ambao kazi yao ni kusema mfuko utakauka mwaka gani. Waitwe kabla bei haijatangazwa.

DALILI YA 5: Jengo lipo, huduma hakuna

Sitakaa sana hapa. Wananchi wanapandisha boma hadi lenta, serikali inaahidi kupaua, miaka inapita, popo wanahamia. Au limekamilika: lina chumba cha upasuaji, kitanda, taa, ila halina mtaalamu wa usingizi wala maji. Kagua kwa mpangilio huu: maji, umeme, watumishi walioidhinishwa kwenye ikama, usajili wa kituo. Kituo ambacho hakijasajiliwa hakipati mgawo wa dawa wala fedha, na usajili huwa umesahauliwa kwa sababu mwenge ulipita, utepe ukakatwa, kila mtu akadhani ndio usajili.

Pendekezo langu kwa madiwani lina maneno machache: msipitishe jengo jipya kwenye kata ambayo jengo la zamani halina mkunga usiku. Tathmini ya nyota ya vituo vya msingi ya 2015/16 ilikuta takribani theluthi moja havistahili hata nyota moja. Hivyo vilikuwa na kuta tayari. Nyufa za msingi au dari iliyobonyea, usipake plasta: mwite mhandisi wa halmashauri.

DALILI YA 6: Hospitali ya juu imejaa, rufaa inachelewa

Ukienda hospitali ya rufaa ya mkoa Jumatatu asubuhi utakuta mafua, vidonda vya tumbo na kliniki ya presha, mambo ya zahanati. Watu wameruka ngazi. Usiwalaumu upesi. Waulize kumi kwa nini hawakuanzia karibu, na wengi watakutajia Dalili ya 1 au ya 3: walikwenda, hawakukuta dawa, wakapoteza nauli mara mbili. Kuwapiga faini wanaoruka ngazi, wazo linalopendwa na wataalamu wa makaratasi, ni kuwatoza watu kwa kosa la stoo. Jaza rafu za zahanati miezi sita mfululizo, kisha ndipo uweke sharti la barua.

Rufaa ya dharura ni jambo lingine. Vyanzo kwa mpangilio: uamuzi umechelewa nyumbani au kituoni, usafiri haupo, hospitali haikupewa taarifa. Gari la wagonjwa linalosimama kwa kukosa mafuta ni la kawaida mno. Angalia kama fungu la mafuta liko kwenye mpango wa kituo au linategemea huruma ya halmashauri. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ulizunguka tatizo hili kwa akili: ukianzia Kanda ya Ziwa na kuenezwa kitaifa kuanzia 2022, unatumia simu moja ya bure, mtu wa zamu anayepanga safari, na madereva wa kijijini waliokwisha kusajiliwa wanaolipwa kwa simu wakishamfikisha mama. Pasipo na gari la wagonjwa, teksi ya jirani inatosha. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Mfumo huu ni sehemu moja ya sababu nyingi, pamoja na vituo vya upasuaji vilivyoongezeka.

Kamati ijaribu hili mara moja kila robo mwaka, mchana, bila dharura: mtandao wa simu unashika zahanati? Nani kati ya madereva waliosajiliwa bado ana gari linalotembea? Kwetu walikuwa watatu kwenye orodha. Mmoja aliuza gari, mwingine alihamia Kahama.

SIMAMA HAPA, na hapa usisome mwongozo tena: mama anayetoka damu nyingi, mwenye degedege, au mtoto mchanga asiyenyonya, piga 115, simu ya m-mama.